Macho usoni, si mikononi

Anayeanza kujifunza lugha ya ishara hukodolea vidole. Kiziwi anayezungumza naye humtazama usoni, na mikono huiona kwa pembe ya jicho. Makosa mengi huanzia hapo, kwa kuwa sehemu kubwa ya sarufi iko usoni.

Chukua ishara mbili: WEWE, KULA. Uso ukitulia, umesema "unakula". Inua nyusi, sogeza kichwa mbele kidogo: "unakula?" Tikisa kichwa: "huli". Mikono haikubadilika hata kidogo. Maswali ya NINI na WAPI hutaka nyusi zikunjwe, na neno la kuulizia aghalabu huja mwisho. Hapo Mswahili ana bahati, maana hata mdomoni husema "unakwenda wapi?" Mwenye uso mkavu huuliza swali, akaachwa anasubiri jibu lisilokuja.

Kosa jingine ni kusema Kiswahili kwa mikono. Katika "nitakwenda sokoni kesho", usitafute ishara ya ni- wala ya -ta-. Wakati hutangulia: KESHO, SOKO, MIMI KWENDA. Ngeli nazo hazipo, kwa hiyo pumua.

Herufi za vidole, yaani kutaja neno herufi moja moja kwa mkono, ni za majina ya watu, ya mahali, na neno ambalo ishara yake huijui. Kiwiko kikae karibu na ubavu, kiganja kimwelekee msomaji, mkono usirukeruke kwa kila herufi. Mdomo utamke neno zima, si a, be, che. Mwendo wa polepole ulio sawa husomeka kuliko haraka yenye vituo. Ukikosea, anza neno upya.

Jihadhari na video. Nyingi zilizoko intaneti ni za lugha ya ishara ya Marekani, ambayo si ya Kenya wala Tanzania. Hata Mmarekani na Mwingereza, wanaoongea Kiingereza wote, lugha zao za ishara ni mbali kabisa. Kenya ina yake, na Katiba ya 2010, ibara ya 120, inaitaja pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Bunge. Tanzania nayo ina yake, nao huiita lugha ya alama. Tafuta mwalimu kiziwi wa nchi yako; chama cha viziwi, kama CHAVITA kwa Tanzania, ni mahali pazuri pa kuulizia.

Ukiwa nao, mwite mtu kwa kumgusa bega au kumpungia mkono. Usikae ukiwa umeelekeza mgongo dirishani, kwani uso wako utakuwa giza. Wawili wakiwa wanaongea njiani, pita katikati yao upesi. Ukisimama kuomba radhi ndipo unapowakatiza. Neno "bubu" ni tusi, sema kiziwi. Jina la ishara, yaani ishara moja inayosimama badala ya jina lako, hujichagulii, hupewa na viziwi wenyewe.

Na usiitikie kwa kichwa kitu usichokielewa. Mwenzako ataendelea mbele, na baada ya sentensi tano hutajua pa kumrudisha. Ndiyo maana RUDIA ni ishara ya kujifunza siku ya kwanza.