Gramu Tano Nukta Sita

Mizani niliiazima kwa mnunuzi wa dhahabu. Shule yetu ilikuwa sekondari ya kata, kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Mwanza, na chumba kilichoandikwa "Maabara" mlangoni kilikuwa na meza mbili za zege, jiko moja la spiriti na kabati la chupa ambazo nyingi zilikuwa tupu. Mnunuzi wa dhahabu alikuwa na kimizani kidogo cha betri, kinachosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Aliniuliza nataka kupima nini. Nikamwambia dagaa. Akanitazama kitambo, akakifuta kimizani kwa shati lake, akanipa.

"Kisinyeshewe, Mwalimu," akasema.

Hiyo ilikuwa Februari 2014. Wasichana wawili wa Kidato cha Tatu walikuwa wamenijia wakitaka kushiriki maonesho ya Young Scientists Tanzania. Nilikuwa nimewasimulia darasani juu ya maonesho hayo: kwamba Dk. Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry waliyaasisi mwaka 2011 kwa kuiga mfano wa Ireland, ambako wanafunzi wa sekondari wamekuwa wakionesha tafiti zao tangu 1965. Kwamba ya kwanza ya kwetu yalifanyika 2012. Na kwamba huko mwanafunzi hapewi swali. Swali analitafuta mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo lililowashika.

Majina yao siyataji, sasa ni watu wazima wenye maisha yao. Mmoja alikuwa mrefu, msemaji, mwenye mwandiko mzuri. Wa pili alikuwa mtoto wa mwalo, pale ufukoni mitumbwi ya wavuvi inapoegeshwa. Mama yake alianika dagaa na kuwauza, na yeye mwenyewe tangu akiwa darasa la tatu aliamka usiku wa manane siku za giza, zisizo na mwezi, mitumbwi inaporudi na taa zake, akasaidie kubeba ndoo kabla ya kwenda shule. Alikuwa mkimya kiasi kwamba nilimaliza mwaka mzima wa kumfundisha bila kuijua sauti yake.

Swali lao lilitoka pale mwaloni. Dagaa wa Ziwa Victoria wengi huanikwa chini, juu ya mchanga. Jua likiwa kali, siku moja inatosha. Mvua ikipiga, mama anatazama mtaji wake ukioza. Wakataka kujua: ukianika mchangani, ukianika juu ya chanja la wavu, na ukianika ndani ya sanduku lenye nailoni juu na bati jeusi chini, ipi inakausha haraka?

Sanduku la kwanza lilitushinda. Tuliliziba kila upande tukidhani joto likibaki ndani ndiyo vizuri. Kufika saa saba mchana nailoni ilikuwa imejaa matone upande wa ndani, yanadondokea dagaa walewale tuliotaka wakauke. Yule mrefu ndiye aliyelielewa tatizo: maji yametoka kwenye dagaa lakini hayana pa kwenda. Tukatoboa matundu chini na juu, hewa baridi ikawa inaingilia chini, inapashwa moto na bati, inapanda na kutokea juu ikiwa imebeba unyevu. Siku ile matone yalipokosekana kwenye nailoni tulishangilia kama timu iliyofunga bao.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo limenifanya niandike.

Kila mwaka, Kidato cha Tatu tukifika mada ya joto, nilikuwa nawasimulia wanafunzi kisa cha Erasto Mpemba. Naamini kila mwalimu wa fizikia Tanzania anapaswa kukisimulia. Mwaka 1963, Mpemba akiwa Kidato cha Tatu katika shule ya Magamba, Lushoto, walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Wenzake walichemsha maziwa, wakasubiri yapoe ndipo wayaweke kwenye friji. Yeye akaogopa kukosa nafasi, akaweka ya kwake yangali moto. Yakaganda kabla ya ya wenzake. Alipomuuliza mwalimu wake, akaambiwa amechanganyikiwa. Hakuliacha. Alilibeba swali lake mpaka sekondari ya juu ya Mkwawa, Iringa, na Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam alipokwenda kuzungumza na wanafunzi, Mpemba akasimama akauliza tena, wenzake wakimcheka. Osborne hakucheka. Aliporudi Dar, jaribio likafanyika. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na mpaka leo wanafizikia wanalibishania jambo lile wakilitaja kwa jina la kijana yule.

Nilikuwa nakisimulia kwa moyo wote. Nilikuwa nasema, "Msikubali mtu awacheke kwa mlichokiona kwa macho yenu."

Basi mwezi Machi, mtoto wa mwalo akaja mezani kwangu na daftari. Walipima gramu 200 za dagaa wabichi kwa kila njia, wakawaanika mpaka uzito uache kushuka. Wa kwenye chanja walibaki gramu 58.3. Wa sandukuni walikuwa hapohapo, 58 na kitu. Wa mchangani walibaki gramu 64.1.

"Mwalimu, hawa wamekauka lakini ni wazito zaidi."

"Umesoma vibaya. Rudia."

Akarudia. Siku ya tatu akarudi, 63.9. Nikamwambia basi hawajakauka, wana maji bado, waongezee siku. Akawaongezea siku. Hawakushuka. Nikaanza kuchoka, tarehe ya kutuma maelezo ya mradi ilikuwa inakaribia. Nikamwambia hivi, na nayakumbuka maneno yangu vizuri kuliko ninavyopenda: "Hao wa mchangani wanatuchafulia jedwali. Waache. Baki na chanja na sanduku."

Darasa lilikuwa limejaa. Wawili watatu wakacheka. Akaitika, "Sawa, Mwalimu," akarudi kwenye dawati lake.

Jumatatu iliyofuata alinikuta nje ya ofisi kabla ya mstarini. Alikuwa amekunja kitu kwenye karatasi ya daftari, amekishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nini hicho?"

Akafungua. Mchanga. Mchanga mkavu, mweupe, kiasi cha kujaa kiganja cha mtoto. Aliwachukua dagaa wale wakavu, akawaloweka kwenye beseni, akawasugua taratibu kwa vidole, akaacha maji yatulie, akayamwaga polepole, kilichobaki chini akakikausha kwenye sufuria jikoni kwa mama yake. Kisha akaenda kukipima.

"Gramu tano nukta sita," akasema. "Iliyobaki nadhani imekwama kwenye matamvua."

Sikuwa na la kumwambia upesi. Nilisimama na karatasi ile mkononi na kengele ikagongwa, wanafunzi wakatupita wakikimbilia mstarini, nami nikawa namfikiria Mpemba na mwalimu wake. Miaka sita nilikuwa nimemlaumu mwalimu yule mbele ya watoto. Na nilichokifanya mimi kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu yeye hakuwa na kisa cha Mpemba cha kumwonya. Mimi nilikuwa nacho, nakijua kwa moyo.

Nikamwomba radhi palepale. Kisha nikaenda mstarini, na mwalimu wa zamu alipomaliza matangazo, nikaomba nafasi, nikaeleza shule nzima nilichomwambia msichana huyu na alichonionesha. Sikulifanya kwa ajili ya kujionesha mnyenyekevu. Alichekwa mbele ya watu. Haki yake ilikuwa arudishiwe mbele ya watu. Makofi yaliyopigwa asubuhi ile, ya watoto mia kadhaa kwenye uwanja wa vumbi, hayakuwa ya ubao wala ya kombe. Yalikuwa ya mchanga. Yeye alitazama viatu vyake tu.

Tangu hapo mradi ukawa wa kwake. Akapiga hesabu: karibu gramu tisa za mchanga katika kila gramu mia za dagaa wakavu, kilo kumi za dagaa, karibu gramu 900 ni mchanga wa ufukoni. Ubao wetu wa maonesho, ambao awali ulikuwa na kichwa kuhusu sanduku la jua, ukabadilishwa.

Safari ya Dar es Salaam ilikuwa kilomita zaidi ya elfu moja. Tuliondoka Mwanza saa 12 alfajiri, ubao umefungwa kwa kanga za mama, mikebe miwili ya dagaa miguuni. Kufika Shinyanga kondakta alishauliza harufu inatoka wapi, na abiria mmoja mtu mzima akamjibu, "Mwache, hao ni wanafunzi." Singida, Dodoma, Morogoro. Ubungo tuliingia usiku. Wasichana wote wawili ilikuwa mara yao ya kwanza, na yule mrefu hakulala hata kidogo, alikuwa anasoma mabango ya njiani kwa sauti.

Ukumbi wa Diamond Jubilee, pale Upanga, asubuhi yake, siusahau. Safu kwa safu za meza, na kila meza watoto wawili wenye sare, kila wawili na swali lao. Kuna waliopima maji ya visima vya kwao, kuna waliofuga funza wa kulisha kuku, kuna waliounganisha waya na betri kuukuu wakapata kengele ya wizi. Nimehudhuria mahafali mengi na sherehe nyingi za kupongeza ufaulu, zile za kusoma majina ya waliopata daraja la kwanza na kuwapa madaftari. Siku ile niliona sherehe ya namna nyingine: mtu mzima anayejua kitu anavuta kiti, anakaa mbele ya mtoto, anamuuliza anachokijua, na anasubiri jibu.

Kwetu alikuja mama mmoja, mhadhiri wa chuo kikuu. Yule mrefu alianza kwa Kiingereza kama tulivyofanya mazoezi, na alijitahidi. Ilipofika zamu ya mwenzake, maneno yakamkwama. Nilikuwa nimesimama mbali kidogo, kwa kuwa walimu hatukutakiwa kuwasemea, nikahisi mikono yangu inatoka jasho.

"Nieleze kwa Kiswahili, mwanangu," mama yule akasema.

Akaeleza. Mwanzo mpaka mwisho, daftari mkononi bila kulifungua. Mama akasikiliza, kisha akamtupia swali ambalo mimi sikuwahi kulifikiria.

"Mama yako anauza kwa kilo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mchanga unamwongezea uzito. Si anafaidika? Kwa nini ahangaike kujenga chanja?"

Alinyamaza muda mrefu. Nikajua limemshinda. Kumbe alikuwa anapanga.

"Mnunuzi anachota konzi moja, anatafuna," akasema. "Mchanga ukilia kwenye meno anashusha bei ya gunia zima. Anasema hawa ni wa kuku. Mama anapata gramu tisa, anapoteza bei ya zile tisini na moja."

Mama yule aliacha kuandika. Akawaita wenzake wawili wa meza ya jirani, akamwambia, "Rudia hiyo."

Majina ya washindi yaliposomwa, letu halikuwamo. Yule mrefu alilia kidogo. Mwenzake alikuwa bado kwenye meza ya vijana wa kengele ya wizi, anauliza waya ule unakwenda wapi.

Tuliporudi, mkuu wa shule aliandaa hafla ndogo: soda, wali, wazazi wachache, vyeti vya ushiriki vikapitishwa mkono kwa mkono. Lakini ninayoikumbuka zaidi ni ile ya Jumamosi, mwaloni, ambayo hakuna aliyeiandaa. Mama yake alikuwa amewaambia wenzake. Tulikuta wanawake kama ishirini wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa na juu ya mitumbwi iliyogeuzwa, wakataka waone huo mchanga. Binti akawaonesha. Beseni, maji, dagaa wao wenyewe waliookotwa palepale chini. Akawaloweka, akasugua, akamwaga. Wakainama wote pamoja kutazama ndani ya beseni.

Vigelegele vilipigwa. Mama yake hakupiga. Alikuwa ameziba mdomo kwa upande wa khanga.

Kisha bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, ambaye nadhani ameanika dagaa tangu kabla sijazaliwa, akasema, "Sawa, mjukuu wangu, mchanga tumeuona. Sasa hilo chanja lako, mvua ya kifuku ikija na upepo wake, dagaa wanakauka au wanaruka?"

Watu wakamgeukia binti. Mimi pia.

"Bado sijui, bibi," akasema. "Hatujapima."

"Pimeni basi."

Jumatatu nilirudi kwa mnunuzi wa dhahabu. Hakuniuliza ya nini. Alikifuta kimizani kwa shati lake, akanipa na mfuko wa nailoni wa kukifunikia.