Nilimnyima mwanangu maziwa, kumbe cha kupunguzwa kilikuwa chumvi

Binti yangu alikuwa na umri wa miaka 6 alipoanza kulalamika kwamba mkojo unamuunguza. Kila tulipompeleka kupimwa tuliambiwa ni maambukizi ya njia ya mkojo, akapewa antibiotiki, maumivu yakatulia siku chache kisha yakarudi vilevile, ingawa mkojo wake ulipooteshwa maabara ili kutafuta bakteria, hawakuonekana hata mara moja. Asubuhi moja aliniita chooni, nikaukuta mkojo una rangi ya kutu.

Daktari wa watoto aliyetupokea baada ya hapo aliuliza swali ambalo hatukuwahi kuulizwa: je, kuna mtu katika familia aliyewahi kupata mawe ya figo? Mama yangu aliwahi kuyapata. Ndipo akaagiza kalsiamu ilinganishwe na kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huitoa kila siku, katika sampuli moja ya mkojo. Kwa mtoto wa umri ule uwiano huo, miligramu kwa miligramu, hautarajiwi kuzidi 0.2, wa binti yangu ulikuwa 0.34.

Ili kuthibitisha, tulitakiwa kukusanya mkojo wa saa 24. Ule wa kwanza wa asubuhi humwagwa na saa huandikwa, kisha wote unaofuata huingia chomboni hadi ule wa kwanza wa asubuhi ya pili. Siku ya kwanza mtoto alijisahau mchana, akakojoa chooni, ikabidi tuanze upya. Mara ya pili niliweka chombo juu ya kifuniko cha choo, asiweze kukaa bila kukiondoa, na hapo tukafanikiwa. Zilipatikana miligramu 130 za kalsiamu. Kwa uzito wake wa kilo 20 ni miligramu 6.5 kwa kila kilo, ilhali kikomo ni 4. Kalsiamu ya damu ilikuwa ya kawaida na altrasaundi haikuonyesha jiwe. Daktari alieleza kwamba chembe ndogo za fuwele za kalsiamu zaweza kuikera njia ya mkojo, zikaleta kuungua na damu hata kabla jiwe halijajijenga.

Niliposikia “kalsiamu nyingi”, jioni ileile niliondoa maziwa katika chakula chake bila kumuuliza mtu. Kosa hilo lilidumu wiki tatu, na bado linaniuma. Mtoto anayekua akipungukiwa kalsiamu mifupa yake ndiyo inayodhoofika, na hata mawe hayazuiliki kwa njia hiyo, kwa kuwa kalsiamu iliyomo katika chakula huinasa tumboni oksaleti, kemikali iliyomo katika vyakula vingi vya mimea. Isipokuwepo, oksaleti nyingi zaidi hufyonzwa, ikafika kwenye figo, na humo ikaungana na kalsiamu kuunda jiwe. Daktari alinirudisha kwenye maziwa ya kiasi cha kawaida, akanielekeza kwenye chumvi. Figo inapotoa sodiamu nyingi, kalsiamu nayo huifuata.

Basi nyumba nzima tulipunguza chumvi, kwani kumpikia yeye peke yake kungemfanya ajione mgonjwa. Nilijifunza pia kusoma maandishi ya pakiti, nikatambua kwamba gramu moja ya sodiamu ni sawa na gramu 2.5 za chumvi, hivyo namba iliyoonekana ndogo haikuwa ndogo. Matunda na mboga tuliviongeza. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa maji: chupa yake ilikuwa ikirudi kutoka shuleni imejaa, hadi aliponieleza kwamba anaona haya kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Nilizungumza na mwalimu wake, akamruhusu kutoka bila kunyoosha mkono, na tangu siku hiyo chupa ikawa inarudi tupu.

Daktari alikuwa ametueleza kuhusu dawa, yaani sitrati ya potasiamu au za kundi la thayazaidi (zinazoifanya figo itoe kalsiamu kidogo), endapo hatua hizi zisingetosha. Baada ya miezi mitatu uwiano ulishuka hadi 0.17, kuungua kukaisha, nasi hatukuzihitaji. Altrasaundi tunairudia kila mwaka, na mwezi uliopita mdogo wake naye tulimpima mkojo.