Njoo kesho

Ukutani juu ya cherehani yangu nimebandika andiko kutoka waraka wa kwanza wa Petro, lile linalotutaka tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu atakayetuuliza habari za tumaini lililo ndani yetu, tena kwa upole na kwa hofu. Nililiandika mwenyewe kwa kalamu nene, kwenye karatasi ya kukatia patani. Limekaa hapo miaka sita. Na chini yake, kwa miaka hiyohiyo sita, nimekuwa nikidanganya watu.

Si uongo wa kumpeleka mtu jela. Ni neno moja tu, na yeyote aliyewahi kupeleka kitambaa kwa fundi analijua: kesho. "Njoo kesho, bado vifungo tu." Vifungo gani, na nguo yenyewe haijaonja mkasi! Mafundi tunalisema bila hata kuinua uso, kama makanga anayeapa kuwa bado mtu mmoja gari liondoke, ilhali viti vitano viko tupu. Mteja naye hujihami: akitaka nguo Ijumaa atakwambia Jumatano. Nilidhani tumeelewana.

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimekutana. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko huu wa kalenda ya ukutani kwa siku 10 au 11, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, na baada ya miaka mingi hujikuta ubavuni mwa mfungo wetu. Kwa mtu anayeshona hapa Kisauni, Mombasa, maana yake ni moja: magauni ya Idd upande huu wa meza, majoho ya kwaya upande ule, na usingizi hakuna.

Katikati ya pilikapilika hizo, kanisani tukagawiwa kadi. Kila mmoja aandike majina ya watu watatu ambao hawajamjua Kristo, awaombee kila siku, na kabla ya Pasaka awe amewaeleza Injili. Nyuma ya kadi kuna nafasi ya kuandika ilikuwaje. Niliandika jina la kwanza bila kufikiri: bi mkubwa mmoja wa Kiislamu, jirani wa mtaa wa pili, mteja wangu tangu nikiwa na cherehani moja ya kukodi. Simtaji hapa, yeye hakuomba kuandikwa. Niliitia kadi ndani ya Biblia, na kila nilipoifungua nikaona haya kidogo. Jina lake lilikuwa limekaa mle vilevile kama lilivyokaa kwenye daftari langu la madeni.

Niseme ukweli, kushuhudia hakujawahi kunijia kirahisi. Mjomba wangu alikuwa hodari wa mihadhara, ile ya Wakristo na Waislamu kusimama uwanjani na vitabu mkononi, spika zikinguruma, huyu anasoma aya, yule anajibu kwa aya. Nilipokuwa msichana nilimfuata mara mbili tatu. Watu walishangilia kama wako mpirani. Jioni kila mmoja alirudi kwao na dini aliyokuja nayo, na mjomba alirudi bila sauti. Mpaka leo akihubiri mtu kwenye matatu ya kwenda mjini, tukiwa juu ya daraja la Nyali ambapo hakuna pa kushukia, mimi niliyeokoka ndiye wa kwanza kutazama dirishani. Mungu anisamehe. Lakini sipendi neno la Mungu lielekezwe kwa mtu ambaye amelipa nauli na hana pa kwenda.

Kwa hiyo mimi nilichagua njia ya kimyakimya: vikaratasi. Kila nguo niliyoifunga niliitia kikaratasi chenye maneno ya wokovu. Nilijiona nina hekima. Mwaka jana bi mkubwa huyu aliniletea dera la kupunguza, na pini zake amezikunja vizuri ndani ya kikaratasi changu. "Karatasi zako nzuri, fundi, ngumu," akaniambia. "Hazitoboki." Nilicheka mpaka machozi, kisha nikaacha kuvitia.

Sasa ya juzi. Alikuwa ameleta kitambaa cha kijani chenye vimeta, dera lake moja na gauni mbili za wajukuu, za Idd. Akaja mara ya kwanza, nikamwambia kesho. Mara ya pili, kesho. Jana saa tisa alasiri akaja mara ya tatu, na saumu yake, na jua lile linalochoma hadi kwenye soli za viatu. Nikatamka nikiwa nimeinamia mguu wa cherehani: "Mamangu, imekwisha, imebaki kupinda tu. Njoo kesho asubuhi." Hakujibu. Nilipoinua macho nikamwona anatazama chini ya meza. Ncha ya kitambaa chake ilikuwa imechungulia kwenye mfuko wa dukani, bado kimekunjwa mikunjo ya dukani, na utepe wa bei umening'inia.

Akatazama kitambaa. Akatazama ukutani, kwenye andiko langu. Anajua kusoma vizuri sana. Halafu akasema, wala si kwa hasira:

"Kumbe hata walokole wana kesho yao."

Akajifunga buibui vizuri, akaenda zake.

Nilikaa. Pambano la maandiko ningalilimudu, maana mjomba alinifunza mafungu. Hili sikuwa na fungu lake. Huyu mama nilikuwa namwombea kila asubuhi afumbuliwe macho, na macho yake yalikuwa yameona mpaka chini ya meza.

Nikafunga mlango nusu, nikakata kitambaa hapohapo. Saa mbili usiku nilikuwa na gauni ya kwanza. Saa nne stima zikapotea mtaa mzima, ovaloki ikanyamaza, nikavuta ile cherehani ya miguu karibu na mlango, nikaegemeza simu kwenye bobini inimulikie. Vimeta vya kitambaa kile ni adui wa sindano, nilivunja mbili. Lasi ya shingoni nikaishona kwa mkono. Mahali fulani kati ya saa nane na saa tisa nilijikuta naomba, si kwa ajili yake safari hii.

Kuna jambo lilinirudia usiku ule. Mwaka juzi akina mama wa kanisa letu tulikwenda Rabai, kwenye makumbusho ya wamisionari. Mimi nimezaliwa hapa Frere Town, mji ulioanzishwa 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, ukapewa jina la Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa Zanzibar 1873 kumbana Sultani Barghash aifunge biashara ya watumwa. Kengele ile ambayo kwayo mahali hapa paliitwa Kengeleni nimepita karibu nayo maisha yangu yote. Basi habari za mmisionari Krapf nilidhani nazijua. Alifika Mombasa 1844. Miezi michache tu akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga ng'ambo hii ya bara. Haya nilifundishwa tangu Shule ya Jumapili.

Nilichokuwa sijakitia moyoni ni mambo mawili. La kwanza, mwaka uleule wa msiba, Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, aliyekaa naye kumsaidia alikuwa mwanachuoni wa Kiislamu wa hapahapa Mombasa, kadhi, Sheikh Ali bin Muhiddin. Hebu waza wale wawili wamekaa mkekani wanatafuta neno la "hapo mwanzo". La pili, mtu wa kwanza kubatizwa pale Rabai, Mringe, kiwete aliyekuwa karibu kufa, alibatizwa 1851. Misheni ilikuwa na miaka mitano pale. Rebmann, mwenzake Krapf aliyekuja 1846, aliishi Rabai hadi 1875 na akaondoka haoni. Sidhani kama kuna aliyempa Rebmann kadi ya majina matatu kabla ya Pasaka. Nisieleweke vibaya, mzee wetu wa kanisa aliyezigawa kadi ana nia njema na moto wake naupenda. Nasema tu.

Saa kumi alfajiri nikasikia mtaa unaamka kwa daku, sufuria zinagongana, mtoto analia usingizi. Nikakunja nguo, nikatoka. Kwa bi mkubwa taa ilikuwa inawaka. Nikabisha hodi.

"Nani saa hizi?"

"Mimi fundi, mamangu. Shikamoo."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hakuna. Nimeleta nguo."

Akafungua, amejitanda leso, mkononi ana kikombe. Akanitazama kuanzia miguuni. Nilikuwa na nyuzi za kijani kichwa kizima. Nikamwambia yale niliyojizoeza njiani, lakini yalitoka mafupi kuliko nilivyoyapanga: kwamba jana nilimdanganya, na juzi, na siku ile ya kwanza, na kwamba nimekuja kuomba radhi. Akanyamaza. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea:

"Kwani ungeleta saa nne asubuhi ningejuaje? Umekuja usiku kwa nini?"

Nikasema sijui. Halafu nikasema, najua. Bwana wangu hapendi uongo, na mimi nimeandika jina lake ukutani halafu nikadanganyia chini yake. Sikuweza kulala.

"Ingia unywe chai," akasema. "Bado adhana."

Nikaingia. Nikapewa chai ya tangawizi na kipande cha mkate wa sinia. Nikakumbuka nami nimefunga, nikamwambia nitakula sasa kabla hakujapambazuka, kisha hadi jioni. Akashangaa. "Nanyi mwafunga? Mwafungaje?" Nikamweleza siku 40, Jumapili hazihesabiwi, kuanzia Jumatano ya Majivu hadi mkesha wa Pasaka, kwamba wengine hula mlo mmoja, wengine huacha nyama, na mimi mwaka huu nilikuwa nimesema nitaacha kusengenya wateja, jambo lililo gumu kuliko nyama. Akacheka. Akauliza Pasaka hasa ni nini, maana miaka yote ametuona na majoho na matarumbeta asijue.

Basi nikamwambia. Bila kikaratasi, bila mafungu ya mjomba. Kwamba twaamini Yesu alisulubiwa kwa ajili ya dhambi zetu, hizi zangu za kesho zikiwemo, akazikwa, siku ya tatu akafufuka, na hilo ndilo ninaloliegemea nikiamka na nikilala. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema wao wamwamini Nabii Isa na mamake, Bi Mariamu, ambaye ana sura nzima katika Kurani yenye jina lake, lakini hawakumuua wala hawakumsulubu, Mungu alimwinua. Alilisema kwa uthabiti uleule nilioutumia mimi. Sikumwambia dini zote ni moja. Angenicheka, na ningekuwa nimerudi palepale pa kudanganya. Nilimwambia tu, "Hapo ndipo tunapoachana, mamangu." Akasema, "Ndipo, mwanangu. Kunywa chai, yapoa."

Tukanyamaza pamoja kidogo. Ilikuwa nyamazo nzuri. Kisha adhana ikaingia, akaenda kutawadha, nami nikasimama niondoke. Akaniita nikiwa mlangoni. Alikuwa amelivaa dera juu ya nguo zake palepale ukumbini.

"Mikono mirefu hii. Waona? Yafika kwenye vidole. Nitapikaje pilau?"

Kweli, mirefu. Usingizi ulinipimia. Nikamwambia nitaikunja na kuileta leo kabla ya magharibi. Akaniangalia. "Leo?" Nikasema leo.

Jumapili tutaulizwa kadi. Nyuma ya jina lake pale pa "ilikuwaje" sijui niandike nini. Nafasi yenyewe ni mistari miwili. Nimejaribu "tumezungumza", nikaona ni kidogo, nikajaribu "amesikia", nikaona kama nimejisifu. Pengine nitaandika "mikono mirefu" na mzee wetu aniulize mwenyewe.

Leo mchana alikuja kijana na kanzu yake ya Idd ya kupunguza urefu. Akauliza lini. Nikafungua daftari, nikahesabu zilizo mbele yake, nikamwambia keshokutwa, saa sita. Akasema fundi wa pale ng'ambo ya barabara anamalizia kesho. Nikamtazama fundi wa ng'ambo: meza yake imefunikwa na kanzu hadi hazionekani mwisho. Nikataka kusema kitu, nikakumbuka mfungo wangu, nikamrudishia kanzu yake. Akavuka nayo barabara.

Sasa ni saa kumi na robo. Mkono mmoja nimeukunja, wa pili umebaki nusu, na pasi imeshapata moto.