Nilivyozalisha aina tatu za samaki wa Tanganyika kwenye tanki moja sebuleni

Wengi wanaanza na samaki wa mapambo kama guppy na molly, sio vibaya, ila wale hata ukiwatia kwenye beseni watazaa tu. Mi nilichotaka ni aina tatu tofauti, tena wa kwetu Ziwa Tanganyika, wazae wote tanki moja hapahapa Dar bila kuhamishwa hamishwa, na saa hizi ndo hali ilivyo, kila aina ina watoto wa saizi mbalimbali. Watu wananiuliza natia dawa gani. Hamna dawa bana, kazi kubwa ni kuchagua samaki ambao hawagombei sehemu moja, ni kama nyumba ya ghorofa, wa chini hana habari na wa juu.

Tanki lina urefu wa mita moja na nusu, upana na kimo nusu mita, yaani ukijaza hadi ukingoni ni lita 375. Alinitengenezea fundi vioo, ila gundi ya silikoni nilimnunulia mwenyewe maana ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu inaua samaki, na fundi atakwambia zote sawa tu.

Wa chini ni Neolamprologus brevis, kasamaki kadogo kanaishi ndani ya gamba la konokono, na raha yake ni kwamba dume na jike wanakaa gamba moja. Ziwani magamba yenyewe ni ya konokono anayeitwa Neothauma tanganyicense yamejaa tele chini huko, huku Dar nitayapata wapi, nikashuka ufukweni nikaokota ya konokono wa baharini, yale yenye mdomo wa mviringo ambao kidole gumba kinaingia (ukikuta kaa mdogo kahamia humo muache, ni kwake), nikachemsha, nikasuuza, nikayatupa juu ya mchanga. Sasa hapo ndo utakaa na kiti mbele ya kioo. Dume anaingia chini ya gamba anazoa mchanga kwa mdomo anautema pembeni, anarudi tena, anazoa tena, gamba linazama kidogokidogo, akishachoka kuchimba anageuka anarushia mchanga juu kwa mkia mpaka kinachoonekana ni kile kitundu tu. Ukipitisha mkono jike anazama kwanza, dume anafuata juu yake, kimya. Mayai wanataga humohumo ndani, wewe utakachoona ni siku moja vitoto vinacheza mlangoni.

Kwenye mawe nimeweka Julidochromis regani, wale warefu wenye mistari ya kulala, jike ndo mkubwa kuliko dume. Hawa wanataka nyufa, na Dar nyufa hazina bei, mawe ya matumbawe yale ya kujengea yana matundu kila mahali na pia yanasaidia maji yasipoteze ugumu wake, yaani ile chokaa. Chukua kwenye saiti ya ujenzi, usiende kuvunja mwamba wa bahari. Mawe nililaza moja kwa moja kwenye kioo cha chini kabla ya kumwaga mchanga, kwa sababu ukiweka juu ya mchanga wale wachimbaji watachimba hadi jiwe lianguke. Halafu yote yako upande wa kushoto, magamba kulia, katikati mchanga mtupu, bila huo uwazi regani angeenda kusumbua kule. Nilinunua wakiwa wadogo wengi kidogo nikaacha wachaguane wenyewe, wawili walipopatana wale wengine nikawatoa, na tangu hapo sijagusa jiwe hata moja, hawa ukiwapangia nyumba upya ndoa inaweza kuvunjika wakaanza kuuana. Mayai wanabandika kwenye dari ya ufa, kidogokidogo, ndo maana utakuta watoto wa rika tatu wanatambaa ukutani pamoja na wazazi hawawagusi.

Juu wanaogelea kundi la Cyprichromis leptosoma, madume wengine mkia wa njano wengine wa bluu japo ni samaki haohao. Jike anaachia yai moja majini, yai linaanza kuzama, anageuka fasta anadaka, anaatamia mdomoni kama wiki tatu hivi. Utamjua kidevu kimevimba na hali chakula. Usimfukuze na wavu, akishtuka anatema yote. Akiwaachia, watoto wanapanda juu kabisa wanaganda chini ya uso wa maji kwenye kona, usiku nawamulika na tochi nawachota na kikombe baadhi, wengine naacha wapambane. Na kifuniko ni lazima, hawa wanaruka mpaka kwenye kapeti.

Chakula cha watoto ni artemia, vijidudu vidogo vya maji ya chumvi, na hapa sie wa pwani tumependelewa, mayai yake naanguliza kwenye maji ya bahari yenyewe na pampu ya hewa, siku moja na nusu wameshatoka. Wakubwa nawapa viluwiluwi vya mbu kutoka ndoo ya nyuma ya nyumba, mama watoto hataki hata kuisikia hiyo ndoo, kwa hiyo navuna mapema kabla havijaota mabawa.

Maji natumia ya kisima, yale ambayo chai haitaki lakini samaki wa Tanganyika wanayapenda kwa sababu ni magumu. Ziwa lina pH (kile kipimo cha uchachu wa maji) inayokaribia 9, na hapo ndo watu wanapopotea, kwenye maji ya namna hiyo amonia, ile inayotoka kwenye uchafu na chakula kilichooza, inakuwa sumu kali zaidi, chakula kikibaki chini kimeoza unapoteza tanki zima. Robo ya maji nabadilisha kila wiki. Joto la Januari hadi Machi napambana nalo kwa feni inayopuliza juu ya maji, inashusha digrii mbili tatu, na umeme ukikatika kuna pampu ndogo ya betri.

Usichanganye regani na ndugu yake Julidochromis marlieri, watazaliana upate machotara wasioeleweka. Na brichardi, samaki mwingine wa Tanganyika, hata uuziwe kwa bei ya kutupa, usitie humu, wale watoto wakubwa wanabaki kulinda wadogo zao, ukoo unakua, mwisho tanki zima ni lao na wengine wamebanwa kona moja.

Kazi iliyobaki ni kuwapunguza. Watoto wa regani wakifika urefu wa kidole wazazi wanaanza kuwatimua, hapo natoa haraka, nawapeleka kwa muuza samaki wa mapambo ananipa chakula na sponji za filta badala ya hela. Brevis ndo wanaogombewa zaidi, ila nikimpa mtu nampa na gamba lake.