Leo au baada ya siku 30: kumbukumbu ya mradi wangu wa uzamili

Machi

Kibali cha maadili kimetoka, sasa naweza kushuka vijiweni. Kwa anayeanza kunifuatilia leo: nasoma saikolojia ya majaribio, na swali langu ni fupi. Dereva wa bodaboda akipewa achague kati ya shilingi 5,000 leo na 8,000 baada ya siku 30, atachukua ipi, na kinachomsukuma ni nini?

Chombo cha kupimia si changu. Mwaka 1999 Kirby, Petry na Bickel walitoa dodoso la maswali 27 linalotumika hadi leo. Swali lake la kwanza ni dola 54 leo au dola 55 baada ya siku 117. Majibu yanapitishwa kwenye kanuni ya Mazur ya mwaka 1987, iliyotokana na kazi yake na njiwa: thamani ya sasa ni kiasi kilichoahidiwa, gawanya kwa (1 + k × siku za kungoja). Hiyo k, yaani kasi ambayo thamani inashuka kadiri mtu anavyongoja, ndiyo tunayoisaka sote. Mtu anayeona 5,000 za leo na 8,000 za siku 30 zinalingana, k yake ni 0.02. Kadiri k inavyokuwa kubwa, ndivyo makala nyingi humwandika mtu kuwa hana subira. Neno hilo sijawahi kulipenda, na kadiri mradi unavyosonga ndivyo linavyozidi kunikera.

Viwango nimevigeuza viwe vya shilingi, vya kiasi ambacho mtu wa kijiweni anakishika kweli.

Aprili, mvua

Majaribio ya awali yameanzia Changanyikiwa (ndiyo, mtaa unaitwa hivyo, na uko jirani na chuo). Mvua imenisaidia: abiria hakuna, madereva wamejibanza chini ya turubai, muda wanao. Mshiriki anajibu maswali yote, halafu anachota kikaratasi mfukoni. Swali lililotoka ndilo analolipwa, kwa jinsi alivyochagua mwenyewe. Bila malipo ya kweli kila mtu ni mvumilivu.

Swali lililonifungulia kazi limetoka kwao. “Dada, hiyo elfu tano ni pamoja na ya kutolea?”

Si utani. Makato ya kutoa pesa kwa wakala hupangwa kwa viwango, kwa hiyo hayali 5,000 na 8,000 kwa uwiano mmoja. Tena kama ya leo ingekuwa taslimu mkononi na ya baadaye iingie kwenye simu, ningekuwa nalinganisha noti na ujumbe mfupi. Nimeamua: malipo yote yanapita kwenye simu, na ya kutolea iko juu yangu.

Mwingine akauliza, “Sista, hizi si zile za ‘ile hela tuma kwenye namba hii’?” Kijiwe kizima kikacheka, nami nikacheka. Usiku nikakaa na kalamu. Tuseme dereva anaamini kuna nusu kwa nusu kwamba nitalipa baada ya siku 30. Kwake 8,000 yangu ina thamani ya 4,000. Akichukua 5,000 leo amepiga hesabu vizuri tu, ilhali kanuni itampa k kubwa na mimi nitaandika hana subira.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 2013 Kidd, Palmeri na Aslin waliwapa watoto mtihani maarufu wa peremende: usiile sasa, utapata mbili. Kabla ya hapo, mtu mzima yuleyule aliwaahidi vifaa bora vya kuchorea. Kwa kundi moja akatimiza, kwa jingine akarudi mikono mitupu. Walioahidiwa wakapewa walingoja dakika 12 kwa wastani, waliodanganywa dakika 3. Na Walter Mischel, mwenye mtihani huo wa peremende, kabla ya Stanford kumpa jina, aliwahi kuwapa watoto wa Trinidad uchaguzi kati ya peremende ndogo leo na kubwa baadaye. Makala yake ya mwaka 1958 ilihusisha majibu na kama baba yupo nyumbani.

Mei

Nimeazima mbinu kwa wanauchumi Andreoni na Sprenger. Wao waligawa shukrani ya kushiriki mara mbili, dola 5 siku ya karibu na dola 5 siku ya mbali, ili kila mshiriki awe na kitu cha kupokea tarehe zote mbili. Pia walitoa kadi ya profesa, malipo yasipofika apigiwe yeye. Mimi nagawa shukrani vivyo hivyo, natoa stakabadhi yenye tarehe, na mwenyekiti wa kijiwe anabaki na nakala ya ratiba.

Kuna kingine nisichokuwa nacho kwenye dodoso: hesabu. Dereva ambaye pikipiki si yake lazima apeleke fedha ya mwenye chombo kila siku. Saa 3 asubuhi na saa 12 jioni ni watu wawili tofauti, hasa siku ambayo hesabu haijatimia. Sasa narekodi saa, na namuuliza kama ameshaifikisha. Halafu kuna mchezo. Wale wale wanaochagua 5,000 yangu ya leo wanachangia mchezo kila siku na kungoja zamu yao kwa miezi. Tofauti ni kwamba mshika fedha wa mchezo wanamfahamu hadi kwake, mimi nina kitambulisho cha chuo tu.

Kwa hiyo muundo umebadilika. Kundi moja litajibu siku ya kwanza tunapokutana. Jingine litapata kwanza malipo madogo kwa tarehe niliyoahidi, ndipo lijibu. Kundi la tatu halitaona neno “leo” kabisa, litachagua kati ya wiki ijayo na wiki tano mbele. Nimesajili matarajio kabla ya data: k ya kundi la pili itakuwa ndogo kuliko ya la kwanza. Msimamizi wangu anaweka dau lake kwenye hesabu ya jioni. Maombi ya marekebisho yako kamati ya maadili, na huku nyuma naandika msimbo wa uchambuzi na kuujaribu kwa data za kubuni.