Kidude walichoniambia nikitoe ndicho kilichokuwa kinasema kweli

Mwaka jana, kuanzia Juni mpaka katikati ya Agosti, karakana yangu ya useremala hapa Mafinga ilinikosesha usingizi. Kila asubuhi yenye ukungu, nikiwasha mashine ya kupasulia mbao, umeme wa banda zima unakatika. Sio wa mtaa, wa bandani kwangu tu. Nanyanyua swichi, nawasha tena, pa! Ikifika saa nne au saa tano, ukungu ukishaondoka, mashine hiyohiyo inapasua paina mpaka jioni bila neno.

Kilichokuwa kinajishusha ni RCCB, swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30 (ampea moja ni miliampea elfu), niliyoifungisha kwa pesa yangu. Sikuifunga kwa mapambo. Msimu wa mvua uliotangulia kijana wangu mmoja alinaswa na drili akiwa amesimama kwenye sakafu iliyolowa, akashindwa kuiachia. Mwenzake hakumshika, alikimbilia swichi kubwa akazima, na kwa hilo nitamshukuru maisha yangu yote. Siku ile ndipo fundi wa umeme aliponieleza kwamba swichi ya kawaida ya ampea 20 haijali mtu anayepigwa shoti. Yenyewe inasubiri mzigo upite ampea zake 20, wakati miliampea 50 tu zikipita kifuani zinaweza kuuvuruga moyo. RCCB inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua unaorudi, maana yake mwingine umetafuta njia ya ardhini, pengine kupitia kwa mtu, na inakata papo hapo.

Ushauri nilioupata nikiusimulia hata leo napandwa na hasira. Jirani yangu anayechomelea milango alinijia asubuhi moja akakuta nimekaa tu. "Kaka, hicho kidude kinakula muda wako. Kitoe, unga waya moja kwa moja, ufanye kazi." Mwingine, tena mtu mzima ninayemheshimu, akasema hizo ni za majumba ya Dar, huku kwetu kwenye baridi hazifai. Wateja wananipigia simu, madawati ya shule hayajaisha, na watu wazima wananishauri nikate kitu kimoja kinachowalinda vijana wawili wa watu. Nilikataa.

Nikaanza na mota, kwa sababu kila umeme ulipokatika ni mashine ile ndiyo iliyokuwa imewashwa. Nikaifungua, nikaipeleka kwa fundi wa kuwaindi. Akaisafisha, ikatoka vumbi la kujaza kopo, akabadilisha beringi. Ilinitoka kama laki moja na kidogo, na siku tatu za kazi. Asubuhi ya nne ukungu ukashuka mzito, wa kutoona barabara. Nikawasha. Pa!

Hapo nikakaa chini nikafikiri upya. Kama ni kitu kibovu, kwa nini kiwe kibovu asubuhi na kizima mchana? Kinachobadilika bandani ni unyevu. Basi kuna kitu kinalala na unyevu usiku kucha, kinakauka mchana. Nikaamua kila usiku kifaa kimoja kikalale nyumbani, jikoni, kwenye joto, ambako hata chumvi haishiki maji. Usiku wa kwanza ikalala drili. Asubuhi, pa! Wa pili randa ya umeme, mambo yaleyale. Wa tatu mashine ya msasa. Mke wangu akauliza, "Baba, kesho unaleta na mbao?" Usiku wa nne nilileta ekstensheni, ile ndefu inayotandazwa sakafuni kutoka kwenye soketi mpaka kwenye mashine.

Asubuhi ukungu ulikuwa uleule. Nikachomeka, nikawasha, mashine ikanguruma. Nikapasua ubao wa kwanza, wa pili, wa kumi. Nilipiga kelele ya furaha mpaka jirani akaja kuchungulia.

Katikati ya ekstensheni kulikuwa na kiungo cha zamani kilichozungushiwa soltepu. Nikakichana. Ndani unga wa mbao umejipenyeza umeshikana kama ugali, na waya zimeota ukijani. Unga ukivuta unyevu, umeme unavuja taratibu kutoka waya wa moto kwenda wa ethi, yaani wa kupeleka umeme ardhini. Ekstensheni peke yake ilikuwa haijafika kiwango cha kukata. Mashine nayo, ya chuma na ya miaka mingi, ina uvujaji wake mdogo usio na shida. Ukiiwasha, viwili vinajumlishwa, na RCCB ya miliampea 30 inaruhusiwa kukata kuanzia 15. Ndiyo maana mota ilisingiziwa.

Na fikiria ningemsikiliza jirani: kiungo kile kililala sakafuni, palepale vijana wanapopita na ndala.

Nimenunua waya mpya wa milimita 2.5, mmoja mzima usio na kiungo, na sasa unapita juu kwenye kenchi. Waya wangu mwingine, wa kuzungushia kwenye gurudumu, nautandaza wote kabla ya kuutumia, kwani ukiachwa umejiviringisha huku unabeba mzigo mkubwa unapata moto na kuyeyuka. Drili zangu mpya zina alama ya mraba ndani ya mraba, hazihitaji ethi, lakini mashine ya mezani ethi yake naikagua mwenyewe. Plagi ikipotea hakuna kuchomeka waya mtupu kwa njiti ya kiberiti, kijana akifanya hivyo anarudi nyumbani siku hiyo. Kila Jumatatu kabla ya chai nabonyeza kitufe cha T, cha kuijaribu, kwenye RCCB. Isipokata, hatuwashi kitu.

Kile kiungo nimekitundika kwenye msumari kando ya swichi kubwa. Mwezi uliopita jirani alikishika akakigeuzageuza, kisha akaniomba namba ya fundi wangu wa umeme.