Cheti cha Mombasa

Agosti 2009 baraza letu la Kibokoni lilichangamka kushinda siku ya mwezi kuandama. Mjomba alitua na karatasi aliyoichapisha saiba: cheti cha kuzaliwa cha Barack Obama, eti kazaliwa papa hapa Mombasa, tarehe 4 Agosti 1961. Wakili mmoja wa California alishakipeleka mahakamani. Wengine mitandaoni walitaja hadi hospitali kuu ya mkoa wa Pwani, hiyo tuiitayo Makadara, nilikozaliwa mimi.

Muuza kahawa ndiye aliyekipasua. Juu kimeandikwa Jamhuri ya Kenya, chini kimetolewa Februari 1964. "Hiyo Februari jamhuri ilikuwa wapi?" Jamhuri tuliipata Desemba 12 mwaka huo. Na huo mwaka wa 1961, akaongeza huku akimimina kahawa tungu, bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa bado yapepea Fort Jesus. Baadaye ikajulikana umbo la cheti lilinakiliwa kutoka kwa cha mtu wa Australia.

Lililonikaa kichwani ni kwa nini walimtaka azaliwe ng'ambo, na baba Mkenya wanamjua. Katiba ya Marekani yataka rais awe raia wa kuzaliwa, mwenye miaka 35, aliyeishi nchini miaka 14. "Raia wa kuzaliwa" ni nani, haisemi. Mwaka 1790 Bunge lao liliwahesabu watoto wa raia waliozaliwa ng'ambo ya bahari kuwa "raia wa kuzaliwa". 1795 maneno hayo yakaondolewa. Lakini mwaka aliozaliwa Obama, mtoto aliyezaliwa nje ya Marekani mwenye mzazi mmoja Mmarekani alipata uraia ikiwa tu mzazi huyo ameishi Marekani miaka 10, mitano kati yake baada ya kutimiza 14. Piga hesabu: 14 na 5 ni 19. Mamake Obama alikuwa na 18, Novemba ndiyo angefika. Hadithi yote ya Mombasa ilisimama juu ya miezi mitatu na kitu! Na mtoto kazaliwa Honolulu.

Ted Cruz, seneta wa Marekani aliyewania urais, yeye alizaliwa nje kweli, Calgary, Kanada, Desemba 1970, baba Mkuba, mama wa Delaware. Uraia wa Kanada aliukana 2014, na Februari 2016 akashinda mchujo wa chama cha Republican jimbo la Iowa. Trump, aliyekuwa akidai cheti cha Obama, akamgeukia na yeye. Kesi zikafunguliwa, mahakama za Pennsylvania zikamruhusu, basi. Mahakama ya Juu ya nchi haijawahi kulitolea hukumu swali lenyewe. Sikusikia mtu akitunga cheti cha Cruz, na wala hakukuwa na haja: cha kweli alikitoa mwenyewe.

Sisi wa Mji wa Kale mambo haya tunayasoma kwa jicho jingine. Nilipokwenda kuomba kitambulisho niliulizwa cheti cha babu. Babu kazaliwa nyumbani, mkunga ni jirani, tarehe ni "mwaka wa njaa". Nikaandikiwa barua na mzee wa mtaa, ikagongwa muhuri.

Karatasi ya mjomba ninayo bado, imo bahasha moja na barua ile. Cheti cha uongo kilifika mahakamani California. Barua ya babu ilirudishwa dirishani mara mbili.